Ndege yangu ya vita ina risasi, lakini zote ziko puani

Spitfire yangu ya kwanza, kindege cha rimoti cha mfano wa ile ndege ya vita ya Waingereza, iliishi sekunde kumi na moja. Najua kwa sababu Mama Zuhra alikuwa anarekodi kwa simu, na video hiyo ameshamwonyesha kila mgeni aliyeingia kwetu hapa Leicester, hata fundi aliyekuja kutengeneza boila.

Kosa ni langu, sikatai. Ila nusu ya lawama namwachia jamaa mmoja wa dukani. Nilikuwa nimemaliza kuunganisha ndege, nikampelekea nikiwa na swali moja tu: karatasi ya maelekezo inasema niweke risasi puani, yale madini mazito, si ya bunduki, gramu mia na ushee, je, ni lazima? Akainyanyua ndege, akaipima mkononi kama mtu anayechagua papai, akasema, "Pua nzito ndiyo inayoangusha ndege, bwana. Toa hiyo risasi, itapaa kama karatasi."

Nikatoa. Na kweli ilipaa kama karatasi. Sijui kama umewahi kuitazama karatasi ikipaa.

Niliirusha kwa mkono. Ikainua pua kwenda juu, nami nikafurahi, nikadhani ndiyo nguvu ya mota. Nikasukuma fimbo ya rimoti kuirudisha chini, ikainama kwa hasira. Nikavuta kidogo tu, ikainuka tena, safari hii zaidi. Ikawa inapanda na kushuka mawimbi, na kila wimbi kubwa kuliko lililopita. Wimbi la tatu lilipofika kileleni ndege ikasimama hewani, kimya, kana kwamba imekumbuka kitu nyumbani. Bawa la kushoto likalala, ikaanza kuzunguka kama pia, ikazama katika shamba la jirani lenye yale maua ya njano ya kukamulia mafuta. Kwenye video inasikika sauti yangu: "Ngoja, ngoja, ngoja!" Sijui nilikuwa namwambia nani.

Mota tuliipata. Mkia hatukuupata mpaka leo.

Aliyenisaidia kutafuta ni mzee mmoja wa klabu yetu ya kurusha ndege hizi, Mwingereza, fundi mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Akaokota kiwiliwili, akaniuliza, "Ulipima mizani ya pua na mkia?"

Nikamwambia, "Ilikuwa nyepesi kabisa, mzee."

"Sikukuuliza uzito."

Ndipo akaniambia msemo wao wa kiwanjani: ndege yenye pua nzito huruka vibaya, yenye mkia mzito huruka mara moja.

Hapo nikaona aibu, kwa sababu mimi ni mtoto wa Sahare, Tanga. Marehemu baba alikuwa na ngalawa. Ukijaza mzigo wote tezi, kule nyuma, omo la mbele linanyanyuka, chombo hakishiki njia, kila upepo unakugeuza. Jambo hilo nililijua nina miaka minane. Nikaja kulisahau nina arobaini na tatu kwa kuwa aliyenishauri alivaa aproni yenye nembo ya duka.

Ndege ya pili nilikataa Spitfire. Kila anayeanza anaitaka kwa uzuri wake, na uzuri wenyewe ndio mtego: bawa lile linachongoka kuelekea ncha, na kwenye ndege ndogo ncha nyembamba zinakata tamaa ya kuibeba ndege mapema ukienda polepole. Magurudumu yake nayo yako karibu karibu kama miguu ya mtu anayebanwa na mkojo. Nikachagua Hurricane, ndege nyingine ya vita ya Waingereza ya enzi hizo hizo. Bawa lake nene, magurudumu yamepanuka, sura ya punda. Watu wa klabu wakaguna. Waache wagune. Mwaka 1940, katika vita vya anga juu ya Uingereza, Hurricane ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za Wajerumani. Spitfire ikapata picha.

Tena nilikuwa na sababu yangu. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, kikosi chenye alama ya kichwa cha kifaru, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw kule Burma katika mvua na matope, na Hurricane zilikuwa zikipiga mabomu mbele ya askari wa miguu. Babu hakujua jina la ndege hata moja. Alichotusimulia ni mlio: unatoka nyuma yenu, unapita juu ya miti, halafu wote mnalala chini mnaanza kuhesabu.

Basi nikajenga ya kipimo cha moja kwa kumi. Ya kweli ina bawa la mita 12.19, yangu mita 1.22. Mbao za balsa kidogo, zilizobaki ni bodi za povu gumu. Kukata na kugundisha siwezi kukueleza kitu, ukiwa na kisu kikali utaweza. Kisu butu kinachana povu kama mkate wa jana. Usitumie supaglu ya kawaida kwenye povu, inalila. Hilo nililigundua saa sita usiku, na bawa moja likapata pango.

Kitu ninachojivunia ni mgongo. Hurricane ya kweli nyuma ya rubani haikuwa bati, ilikuwa kitambaa kilichovutwa juu ya fito, na ukiitazama kwa karibu unaona mbavu kama za ng'ombe wa kiangazi. Povu likipigwa msasa halina mbavu. Kwanza nikajaribu kuchora kwa kalamu, ikawa kama daftari la chekechea. Nikajaribu vijiti vya mishikaki, vikawa vinene, ndege ikafanana na tenga la kuku. Usiku mmoja nikaona kibweta cha cherehani cha Mama Zuhra kiko wazi. Nikachukua kidonge cha uzi mweupe ule mnene wa kushonea jinzi, nikalaza nyuzi moja moja kutoka kiti cha rubani hadi mkiani, nikazishika kwa gundi nyeupe. Juu yake nikatandika karatasi laini ya kufungia zawadi, nikaipaka gundi hiyo hiyo iliyochanganywa na maji. Ilipokauka ikajivuta, mbavu zikachomoza. Ukipitisha kidole unazihesabu. Yule fundi wa reli alipitisha chake mara mbili, hakusema kitu, akavaa miwani akapitisha mara ya tatu.

Uzi ulikwisha. Mama Zuhra alikuwa na suruali tatu za watu za kupunguza kabla ya Idi.

Mizinga minne ya mabawani ni mirija ya juisi, kwa hiyo msihofu.

Sasa risasi. Hurricane ina pua fupi, kwa hiyo mkia unashinda tu. Nikapima sentimita 6 na nusu kutoka ukingo wa mbele wa bawa, pale bawa linapoungana na kiwiliwili, nikatia alama chini ya mabawa yote mawili, nikaibeba hapo kwa ncha za vidole nione inalala upande gani. Ikakaa chini kwa mkia kama mbwa. Kabla hujaongeza uzito wowote sogeza betri, huo ni uzito wa bure ambao utaubeba utake usitake. Nilichonga nafasi mpaka betri ikagusa mgongo wa mota. Bado mkia ukashinda. Nikaenda duka la wavuvi, si lile la ndege, nikanunua chubwi, vile vitonge vya risasi vya kuzamishia mshipi. Zilezile tulizofunga kwenye mishipi ya baba. Ya kwanza, mkia. Ya pili, ikayumba. Ya tatu nikaikandika kwa plastisini juu ya mota, ndege ikalala sawa juu ya vidole vyangu, pua ikiinama kidogo tu kama mtu anayeitika salamu. Nilicheka peke yangu gereji. Ndege ya vita imepata risasi, na haipigi mtu.

Yote imefika kilo moja na nusu hivi, na fedha kama paundi mia na hamsini ukiacha rimoti. Ukimuuliza mke wangu atakwambia mia tatu, na huenda hesabu yake ndiyo sahihi. Usajili, bima ya klabu, namba ya kubandika ubavuni, hayo kila mtu anayajua.

Siku ya kwanza haikuruka. Nilitia moto, yaani nguvu ya mota, ikakimbia mita tano kwenye nyasi zenye umande, ikapiga sijida, pangaboi likavunjika. Pua nzito! Nikawaza yule jamaa wa dukani angekuwepo angenicheka. Lakini mzee akachuchumaa, akaonyesha magurudumu: yalikuwa nyuma mno, chini ya bawa. Tukakunja waya wake mbele kama sentimita mbili hadi ekseli ikapita kidogo ukingo wa bawa. Hatukutoa hata chubwi moja.

Jumapili iliyofuata nilisimama nyuma ya ndege, nikalaza fimbo kulia, nikaona kibawa cha kulia, kile kipande kinachocheza nyuma ya bawa, kikipanda (usiangalie kama kinacheza, angalia kinacheza upande gani). Nikaongeza moto taratibu. Pangaboi linaivuta ndege kushoto, kwa hiyo kidole changu kilikuwa tayari na usukani wa kulia. Mkia ukanyanyuka, magurudumu yakaacha nyasi, ikaondoka kwa unyoofu, haina haraka, kama basi la mkoa. Ilipogeuka juu ya miti na kurudi kwetu nikasikia mlio wake. Wa mota ya umeme ni kama wa blenda, nakubali. Hata hivyo niliinamisha kichwa.

Kutua ni kuiacha na moto kidogo mpaka iguse. Wengi wanazima moto mapema kwa woga, na hapo ndipo bawa linapoishiwa nguvu ya kuibeba ndege.

Mwanachama mmoja alikuja kuitazama, akanyoosha kidole kwenye duara la bawani, ile alama ya jeshi la anga la Waingereza. "Umesahau wekundu wa katikati." Nikamwambia sikusahau. Kule Burma wekundu uliondolewa kwenye ndege za Waingereza, kwa sababu za Wajapani zilikuwa na jua jekundu, na askari aliye chini ya miti hana muda wa kuangalia mara mbili. Zikabaki bluu nzito na bluu ya kupauka. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Jumapili iliyofuata alikuja na chupa ya chai, akanimiminia kabla hajajimiminia mwenyewe.

Mama Zuhra naye alikuwepo, simu mkononi, akisubiri sekunde ya kumi na moja. Ilipotua akaizima, akaja, akapitisha ukucha juu ya zile mbavu.

"Baba Zuhra, huu si uzi wangu wa jinzi?"