Gitaa: mkono wa kulia kwanza, kodi baadaye

Watu wakisikia unajifunza gitaa swali la kwanza ni "ushajua kodi ngapi?" Kodi, yaani chords, zile nota kadhaa zinazolia pamoja ukibana nyuzi kwa mkono wa kushoto. Wanauliza wote, hata yule ambaye hajawahi kushika gitaa maishani mwake. Na huko mitandaoni ni hivyo hivyo, kila video ni kodi, weka kidole hiki hapa kile pale, na wewe umekaa kitandani vidole vimekukakamaa kama mwenye baridi yabisi, sauti inayotoka ni tk tk tk.

Mimi msimamo wangu ni huu: kwa anayeanza, mkono wa kushoto unapewa sifa isiyo yake. Kazi iko kulia. (Kama unatumia shoto basi geuza, ushaelewa.)

Ntafika huko, lakini kwanza tumalize habari ya kununua maana ndo naulizwa sana. Langu ni la nyuzi za nailoni, la mtumba, nililichukua kwa mtu alokuwa anahama Nyali. Kama uko Mombasa na ndo unaanza mi nakwambia nailoni, kwanza haziumizi vidole sana, pili hii hewa yetu ya chumvi. Nyuzi za chuma hapa zinashika kutu mapema mno, hasa sisi tunaokaa karibu na maji kama huku Tudor. Nailoni zile tatu nyembamba hazina chuma kabisa, zile tatu nene ndo zimezungushiwa waya, na waya ule unafifia na sauti inakufa, kwa hivyo ukimaliza kupiga zifute na kitambaa kikavu halafu lirudishe gitaa kwa mfuko wake, usiliache dirishani likila upepo wa bahari.

Na kuna jambo moja la hatari. Utakuta gitaa la nailoni limevalishwa nyuzi za chuma na muuzaji anakwambia "hakuna shida dadangu, sauti ndo inapanda." Shida ipo bana. Chuma kinavuta kwa nguvu nyingi kuliko nailoni na gitaa lile halikuundwa kubeba mzigo huo, daraja (kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa) laweza kung'oka ama shingo ipinde. Liache hapo hapo. Na kabla hujatoa pesa angalia pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyolazwa kwenye shingo) nyuzi zimeinuka kiasi gani juu ya ubao, zikiwa juu sana utabana mpaka ulie halafu ujione huna kipaji, kumbe ni gitaa.

Kutuni nako hakuna maneno mengi, kuna app za bure kwa simu, kuanzia uzi mnene majina ya nyuzi ni E A D G B E, tuni kila unapokaa kupiga maana joto letu haliachi kitu kikae sawa.

Sasa basi. Kuna ami mmoja mtaani kwetu, zamani alikuwa akipiga kwenye bendi za mahoteli, siku hizi yuwauza kahawa jioni na gitaa lake la zamani bado lipo ndani. Nikampelekea langu anitazamie. Hakuniuliza kodi. Alichukua mkono wangu wa kushoto akaulaza juu ya nyuzi zote, si kubana, kuziua tu zisitoe sauti, akasema "haya, piga." Nikamwambia ami, hakuna kitu kinachosikika. "Mwanangu, kama hakisikiki hivi, hata ukijua kodi zote hakitasikika."

Ikawa ni hivyo tu. Chaka chaka chaka, nyuzi zimekufa, mkono wa kulia unapanda na kushuka na mguu unagonga sakafu. Mkono hausimami hata usipogusa nyuzi, unaendelea kupita hewani, hiyo ndo siri nlokuwa sijaiona kwenye video zote zile za chini-chini-juu-juu-chini-juu. Ukisimamisha mkono ili usubiri kodi ijayo, wimbo umekufa, na yeyote anayesikiliza atajua. Ukikosea kodi na mkono unaendelea, wallahi nusu ya watu hawatashtuka.

Na hapa ndo nikaona sisi watu wa Pwani tuna bahati ambayo hatuitumii. Masomo mengi ya intaneti yanahesabu nne, moja mbili tatu nne, sawa, lakini sisi tuliokulia arusini chakacha, ile ngoma ya arusi, tumeimeza kabla hatujajua kusoma. Hesabu sita: mguu unaangukia 1 na 4, halafu makofi yaje 1, 3 na 5. Jaribu sasa hivi hapo ulipo. Mgeni atahangaika na hiyo mbili-kwa-tatu siku nyingi, ila mtu alokaa nyuma ya kina mama wakipiga makofi na kukata kiuno anaifanya bila kufikiri. Kwa nini basi unaanza na mpigo wa mtu wa mbali ambao mwili wako hauujui? Anza na ulio nao, ule wa nne utakuja wenyewe.

Kodi zenyewe ukifika, usikusanye. Chukua chache ambazo ni majirani. Em ni vidole viwili tu, freti ya pili, uzi wa A na wa D. Am na C zinashirikiana vidole viwili, unahamisha cha pete peke yake kutoka uzi wa A freti ya tatu hadi uzi wa G freti ya pili. Am kwenda E ni umbo lile lile, unalisogeza lote uzi mmoja kuelekea nyuzi nene. Hakuna aliyeniambia hivi mwanzo, wanakuonyesha kila kodi kivyake kama vile hazijuani. Na kidole kikae karibu na chuma cha freti, nyuma yake kidogo, hapo hutahitaji nguvu nyingi. F ya kulaza kidole kimoja nyuzi zote sita mi nimeiwacha kwanza, naomba nisisumbuliwe, kuna ile F ndogo ya nyuzi nne inatosha.

Ami naye haamini piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi. Yeye ni dole gumba na kidole cha shahada, basi. Dole gumba linatembea kwa nyuzi nene kama besi, shahada inachezea nyembamba, na unasikia kama watu wawili. Anasema vijana wote wa enzi zake waliiga hivyo kutoka kwa Mwenda Jean Bosco, yule wa Katanga huko Kongo aliyerekodiwa mwaka 1952 na Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, na uzuri wake ni kwamba aliimba Kiswahili, hivyo ukimsikiliza unafuata maneno na vidole pamoja. Nimekuwa nikimsikiliza usiku kwa earphone, pole pole, na nikimaliza naenda kwa Fundi Konde, mwanamuziki wetu wa zamani wa hapa Pwani, kwake gitaa halina haraka kabisa, unaweza kuhesabu kila nota. Kwa anayejifunza hao wawili wanafaa kuliko hawa wanaopiga solo mbio mbio mpaka huoni vidole.

Mie bado sijafika popote. Kutoka C kwenda G bado nachelewa, ncha za vidole zishaanza kuwa ngumu na mamangu analalamika nikimkanda mgongo. Lakini jana nlipiga kodi mbili tu kwa mpigo wa chakacha na mdogo wangu akatoka jikoni akicheza na mwiko mkononi, kodi mbili!

Sasa naomba msaada. Uzi wangu wa D unaanza kufumuka waya pale unapogusa freti ya pili, na madukani naambiwa ninunue seti nzima. Anayejua Mombasa hii wapi wanauza moja moja anijuze, hata kama ni Kongowea ntaenda.