Kipindupindu kikiingia mtaani: maji kwanza, gari la matangazo baadaye

Zahanati ikipiga simu kwamba kuna mtu anahara maji meupe kama yaliyooshewa mchele, ofisi nyingi za serikali ya mtaa hufanya mambo mawili upesi: zinaita gari la matangazo na zinawafungia mama lishe. Yote mawili yanaonekana kwa macho na yanapendeza kwenye picha. Wakati huo kisima kilichomwambukiza yule mgonjwa kinaendelea kuchotwa, ndoo baada ya ndoo.

Ninaandika nikifikiria mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wake na wajumbe. Kwa walio vijijini soma "kijiji", kwa walio Zanzibar soma "shehia". Ngazi hii haina dripu wala maabara, ila inajua kitu ambacho hospitali ya wilaya haikijui: nani anachota maji wapi. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi, na kufikia Aprili 2016 walikuwa wameripotiwa wagonjwa zaidi ya 24,000 Bara na Visiwani. Mlipuko wa ukubwa huo hauzimwi na kituo cha matibabu peke yake. Unazimwa kwenye dumu.

Muda ndio adui. Dalili huanza saa chache hadi siku tano baada ya vimelea kuingia mwilini, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa. Wengi walioambukizwa hawaugui kabisa au huhara kidogo tu, lakini kinyesi chao kina vimelea kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ukipata mgonjwa mmoja usihesabu mmoja. Nyumba zote zilizo ndani ya mita 100 hivi kutoka kwake zifikiwe ndani ya saa 48. Hao ndio walio hatarini zaidi, na ndio wa kupewa vidonge vya maji, sabuni na maelezo kabla mtaa mzima haujafikiwa.

Siku hiyohiyo mtendaji afungue daftari. Safu zinazohitajika si nyingi: jina, umri, mjumbe wake, siku na saa ya kuanza kuhara, alikochota maji siku tano zilizopita, alikokula nje ya nyumbani. Kisha chukua karatasi ya manila, chora njia, visima, mabomba na vyoo vya jumuiya, uweke alama kwa kila mgonjwa. Wagonjwa wanne au watano wakiwa wamezunguka chanzo kimoja, huna haja ya kusubiri majibu ya maabara ndipo uchukue hatua kwenye chanzo hicho. Daftari hilo ni siri ya ofisi na bwana afya. Jina la mgonjwa likisomwa kwenye spika, anayefuata kuhara atajificha ndani, na mtampata akiwa maiti.

Sasa maji. Kosa linalorudiwa kila mlipuko ni kufunga kisima kifupi bila kuleta mbadala. Mkifunga saa nne asubuhi, usiku kufuli limevunjwa, na sasa watu wanachota gizani bila msimamizi. Leteni maji kwanza, fungeni baadaye. Hesabu yake ni rahisi: lita 15 kwa mtu kwa siku. Eneo lililoathirika likiwa na watu 3,000 mnahitaji lita 45,000, yaani safari tano za boza la lita 10,000 kila siku. Bomba moja lihudumie watu wasiozidi 250. Kwa mtiririko wa lita saba na nusu kwa dakika, watu hao wanahitaji bomba liwe wazi zaidi ya saa nane. Kuweka simtanki moja yenye koki mbili kwa watu 3,000 ni kuanzisha ugomvi wa foleni, na wanaoshindwa kwenye foleni hurudi kisimani.

Boza likifika, usimruhusu dereva afungue mpira kabla ya kupima. Bwana afya ana kipimo kidogo cha plastiki chenye vidonge. Unachota maji ya boza, unatia kidonge, maji yanageuka waridi, unalinganisha rangi. Wakati wa kujaza boza klorini (dawa ya kuua vimelea) iliyobaki ndani ya maji iwe karibu miligramu 2 kwa lita, na maji yanapotoka bombani isipungue 0.5. Maji yakibaki meupe pe, klorini imekwisha au haikuwahi kutiwa. Dereva atakuambia ametoka kujaza kwenye bomba la mamlaka ya maji. Huenda ni kweli, lakini tangi lake lilibeba nini jana? Kwa boza la lita 10,000, gramu 29 za unga wa klorini wa asilimia 70 ndizo zinazotoa hizo miligramu 2 kama maji ni safi kabisa na tangi halina uchafu. Hali hiyo ni nadra, ndiyo maana lazima kupima na kuongeza, wala si kukisia.

Visima ambavyo haviwezi kufungwa viwekewe mtu. Asimame hapo alfajiri hadi jioni na bomba la sindano lisilo na sindano, atie dawa kwenye kila dumu linalochotwa. Kipimo hupatikana hivi: tengeneza maji ya klorini ya asilimia 1 kwa kijiko kimoja cha chakula cha ule unga wa asilimia 70, kilichosawazishwa (gramu 15), katika lita moja. Acha yatulie, tumia maji ya juu. Jaza ndoo nne za lita 20 kutoka kisimani. Ya kwanza tia mililita 4, ya pili 6, ya tatu 8, ya nne 10. Subiri nusu saa, pima zote. Ndoo yenye kiasi kidogo zaidi cha dawa lakini imebakiza 0.5 au zaidi kidogo ndiyo kipimo cha kisima hicho. Mvua ikinyesha rudia, maana maji yamebadilika. Kazi hii huwa inakufa kwa sababu moja tu, nayo ni posho. Kijana aliyeahidiwa malipo ya siku asiyapate kwa wiki nzima hatakuja Jumatatu, na hakuna wa kumlaumu. Mpango wa malipo uwepo kabla hajasimama kisimani.

Vidonge vya kutibu maji navyo vina mambo yake. Kile cha kawaida cha miligramu 67 ni kwa lita 20 za maji maangavu, na yakiwa na tope chuja kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne halafu tia viwili. Subiri dakika 30. Familia inayotumia madumu mawili kwa siku kwa kunywa na jikoni inahitaji vidonge 60 kwa mwezi, si karatasi moja ya vidonge kumi. Anayegawa aonyeshe kwa vitendo, atie kidonge kwenye dumu la mwenye nyumba. Bila hivyo wapo watakaokimeza kama dawa ya kichwa, na wapo watakaokitia kwenye ndoo ya lita 10, maji yanuke, waape hawatakitumia tena. Msigawe kwa foleni ofisini pia. Foleni inawapa wenye nguvu na wenye nafasi, na mama mwenye mtoto anayehara hatoki nyumbani. Mjumbe apite nyumba kwa nyumba na daftari.

Kuhusu wale vijana wenye pampu mgongoni wanaopuliza dawa kuta na uwanja wa nyumba ya mgonjwa, ningependa waache. Ugonjwa huu haukai ukutani. Unapita kwenye maji, chakula na mikono. Kinachobaki baada ya kupuliza ni jirani wote kujua ni nyumba ya nani. Ipeni familia ndoo, sabuni, glavu na klorini, muwaelekeze kusafisha matapishi, godoro na choo wenyewe. Kwa sakafu na vyombo tumia maji ya klorini ya asilimia 0.5, yaani sehemu moja ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Kwa kunawa mikono, chukua sehemu moja ya mchanganyiko huo uongeze tisa za maji. Kwa matapishi na kinyesi ni asilimia 2, vijiko viwili vya unga kwa lita. Michanganyiko hii itengenezwe upya kila siku, na ndoo ziandikwe kwa maka peni, kwa sababu zote zinafanana na kuna siku mtoto atanawa kwa ile ya asilimia 2.

Ofisi ya mtaa inaweza pia kuwa kituo cha kunywesha. Meza, ndoo ya maji yaliyotibiwa yenye koki, vikombe, pakiti za ORS (chumvi maalumu ya kunywa ya kurudisha maji mwilini), na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa. Pakiti moja kwa lita moja, haigawanywi. Anayehara na bado anaweza kunywa aanze hapohapo. Aliyelegea, macho yamezama, au anatapika kila anachopewa apelekwe kituo cha matibabu sasa hivi, huku akinyweshwa kidogokidogo njiani. Usafiri upangwe mapema: namba za bajaji mbili zilizokubali, turubai la kutandika kitini, klorini ya kuoshea baadaye. Saa saba ya usiku si wakati wa kuanza kubembeleza madereva.

Msiba unahitaji busara. Maiti ioshwe chini ya usimamizi wa bwana afya, kwa klorini, na wanaoosha wawe wachache wenye glavu. Viongozi wa dini wakielezwa mapema wanasaidia sana, wakishtukizwa wanakataa. Hatari kubwa iko kwenye pilau na lile beseni moja la kunawia linalozungushwa watu 40. Peleka ndoo tatu zenye koki na sabuni, na uombe familia isipike. Ikibidi kupika, chakula kiliwe cha moto, na waliohudumia mgonjwa wasishike sufuria.

Vyoo vinatapishwa mvua ikinyesha, kila mtu anajua. Faini peke yake haitoshi pale ambapo gari la kunyonya halipiti uchochoroni. Mtaa ukiorodhesha mashimo yaliyojaa na kukusanya nyumba sita au saba pamoja, gari moja lenye mpira mrefu linaweza kuitwa kwa bei ya kugawana.

Barua ya kuomba msaada ipitie kwa mtendaji wa kata kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Ile ya "tunaomba msaada wa haraka" hukaa mezani. Andika hivi: "Wagonjwa 9 tangu Jumanne. Kaya 210 ndani ya mita 100 kutoka kwa wagonjwa, watu 3,000 katika eneo zima lililoathirika. Tunahitaji vidonge 12,600 kwa siku 30, maboza 5 ya lita 10,000 kwa siku, koki 12, pakiti za ORS 300. Waliopo: wajumbe 8, mhudumu wa afya 1. Simu ya mtendaji ni hii." Afisa manunuzi anaweza kuifanyia kazi kabla ya chai.

Msiondoe ndoo mapema. Wiki nne mfululizo bila mgonjwa aliyethibitishwa ndipo mnaanza kupunguza. Na lile dumu la unga wa klorini lililobaki lirudi kwa bwana afya likiwa limefungwa vizuri. Likiachwa wazi ofisini unga unapoteza nguvu, mvuke wake unakula kabati la chuma na faili zilizomo, na mlipuko ujao mtapima vijiko kumi vya kitu ambacho hakiui chochote.