Wudang huanza na magoti

Anayejiandaa kwenda mlima Wudang kujifunza mazoezi ya Kitao, dini ya jadi ya Wachina, huuliza kwanza viza, tiketi na baridi. Ni haki yake kuuliza. Lakini kinachowalaza watu chumbani siku ya tatu au ya nne, dawa ya kuchua mkononi, si baridi. Ni magoti, na hilo hakuna anayeliuliza.

Ya safari niyapitie haraka. Wudang iko jimbo la Hubei, China, na kilele chake kina mita 1,612 tu, kwa hiyo hofu ya kukosa hewa kama Kilimanjaro iache nyumbani. Kutoka Wuhan kuna treni ya mwendo kasi hadi stesheni ya Wudangshan Magharibi. Tiketi hukatwa kwa pasipoti, na jina likikosewa herufi moja utahangaika getini. Viza ya utalii ni L. Mwenye barua ya kukubaliwa masomoni huomba X2, ambayo haizidi siku 180, lakini shule nyingi za mlimani ni za watu binafsi, hivyo uliza mapema kama yako ina mamlaka ya kutoa barua hiyo. Hoteli hukuandikisha polisi yenyewe. Ukifikia nyumbani kwa mtu, sheria inataka uandikishwe ndani ya saa 24, na ni juu yako na mwenyeji wako kufuatilia. Unganisha kadi ya benki na Alipay au WeChat, programu za simu za kulipia, ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ujumbe wa uhakiki huja kwenye laini yako ya huku. WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya kawaida ya kule, basi waage watu vizuri. Nenda Aprili, Mei au Septemba. Wiki inayoanza tarehe 1 Oktoba ni sikukuu ya taifa, na ngazi za mlima hujaa watu hadi hapapitiki.

Sasa magoti.

Zoezi la msingi ni zhan zhuang: kusimama bila kusogea, mikono mbele ya kifua kama aliyekumbatia shina la mti. Miguu iachane upana wa mabega, vidole vikitazama mbele. Magoti yalegezwe kidogo tu. Kiuno kishuke chenyewe, kisibinuliwe nyuma. Viwiko viwe chini kuliko mabega, viganja vikitazama kifua, na kati ya ncha za vidole ibaki nafasi ya ngumi mbili. Ncha ya ulimi iguse kaakaa nyuma ya meno ya juu. Pumua kwa pua, bila kuisukuma pumzi.

Ukisoma hivyo unaona rahisi. Tatizo ni kwamba mgeni akihisi mwalimu anamtazama hushuka chini kupita uwezo wake. Mapaja yakichoka, magoti hulalia ndani au hutangulia vidole vya miguu, uzito huhamia mbele ya unyayo, na mzigo wote huangukia pia ya goti. Tiba yake ni kuinuka sentimita chache, kisha kurudisha uzito katikati ya unyayo, karibu na kisigino. Mwombe mwenzako akutazame kwa mbele: pia ya goti iwe sawa na kidole cha pili cha mguu. Mapaja kutetemeka ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti si kawaida, na anayekuambia kwamba hiyo ni chi, nguvu ya uhai mwilini, inafungua njia usimsikilize, hata awe na ndevu nyeupe kiasi gani.

Mikono ikifa ganzi, kagua mabega. Karibu kila mara yamepanda bila mwenyewe kujua. Kizunguzungu huja kwa aliyekaza magoti kabisa, maana damu hutuama miguuni, au kwa aliyesimama alfajiri akiwa na njaa tangu jana. Huyo akae chini mara moja, asijikaze.

Anza wiki 6 kabla ya safari: dakika 5 asubuhi na 5 jioni, ukiongeza dakika 2 kila wiki. Ukifika 15 mabega yakiwa bado chini, umejiandaa kuliko wengi.

Kwenye kukaa kimya, yaani kutafakari ukiwa umeketi sakafuni, waliokulia mikekani wana nafuu, nyonga zao zimezoea. Hata hivyo tumia mto wa sentimita 10 hivi, nyonga zizidi magoti kwa kimo, la sivyo mgongo utapinda na pumzi itabanwa. Mguu ukifa ganzi, neva imegandamizwa. Unyooshe na usubiri. Kusimama ghafla juu ya mguu usiouhisi ndiko kunakotegua vifundo.

Hekaluni, kama pale Zixiao, hekalu mojawapo la Wudang, ruka kizingiti, usikikanyage. Salamu ni mkono wa kushoto kufunika wa kulia, mbele ya kifua. Sanamu za miungu usizipige picha. Muislamu au Mkristo anayehofia kuchanganya mambo aseme mapema kwamba amekuja kwa mazoezi, si kwa kufukiza ubani. Nadhani ni heshima zaidi kulisema siku ya kwanza kuliko kujificha nyuma ya nguzo wengine wakisujudu. Watawa wa Quanzhen, tawi mojawapo la Utao, hawaoi wala hawali nyama, ila jikoni kwenye shule za binafsi ni habari nyingine, na mafuta ya nguruwe huingia hata kwenye mboga. Uliza kuhusu mafuta, usiulize nyama peke yake.

Mwisho wa mafunzo kila mtu hutaka kufika Ukumbi wa Dhahabu kileleni, uliojengwa kwa shaba mwaka 1416, enzi ya mfalme Yongle. Kutoka Nanyan, hekalu lililo chini ya kilele, ni ngazi za mawe kwa saa kadhaa. Panda kwa miguu, shuka kwa gari la kamba. Kupanda huchosha mapafu na mapaja, ambayo hupona kwa usingizi, lakini kushuka kila hatua huangukia goti lilelile lililosimama wiki nzima. Saa ya gari la mwisho iulize asubuhi, kabla hujaanza kupanda.