Kisu cha Kabichini

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya kupakia kabichi Lincolnshire, Uingereza. Jirani yangu, mzee aliyestaafu udereva wa trekta, alinichukua Jumapili moja tukazunguke na ditekta yake ya chuma, kifaa kinachotoa mlio kikipita juu ya chuma au shaba iliyofukiwa. Ruhusa ya mwenye shamba alikuwa nayo. Bila hiyo, kule huchimbi hata skrubu.

Shamba lilikuwa limelimwa, bado halijapandwa, udongo unanata kwenye buti kama bada. Nikavaa hedifoni. Chuma hukoroma, shaba hulia juu, safi kama kengele ya baiskeli. Saa nzima nilichimbua vizibo na maganda ya risasi za kuwindia ndege. Kisha nikasikia mkoromo na mlio kwa pamoja, kama wawili wanabishana.

Kilikuwa chini kama kiganja hivi. Nilidhani ni mzizi. Nilipokifuta kwa dole gumba ukatokea mpini wa mfupa, rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake bamba jembamba la shaba lililoota kijani. Kumbe hilo ndilo lililokuwa likilia. Chuma chenyewe kilikuwa kutu iliyovimba.

Kisu cha kukunja! Babu yangu kule Muheza alikuwa nacho cha namna hiyo, amekifunga kamba kiunoni. Alimenya chungwa kwa utepe mmoja usiokatika, sisi wajukuu tukigombania ule utepe kuliko chungwa lenyewe. Kukifungua, hakuniruhusu hata siku moja.

Mzee akasema nisikilazimishe, atakiloweka kwenye mafuta wiki mbili tatu. Nikaitikia "sawa", ukucha ushaingia kwenye kile kialama cha kufungulia. Kikasogea kidogo. Hapo ndipo niliponogewa. Nikaongeza nguvu, bapa likakatika shingoni, kwenye pini, bila hata mlio wa maana. Kama biskuti iliyolowa.

Kwenye kigutu kilichobaki tulisoma herufi nne: SHEF. Sheffield, akasema mzee, mji wa wafua visu. Alilisema polepole, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alitandaza leso, akaokota vipande kimoja kimoja hadi vile vya kutu, akafunga fundo. Akaniambia nifukie shimo vizuri, mwenye shamba huja kukagua.

Nikafukia, nikakanyaga mara mbili. Kutu haikutoka kwenye dole gumba hadi Jumatano, na kabichi zote nilizishika nalo.