Mradi wa taa za gari: balbu, waya na barabara ya Mambrui

Gari ni la Kijapani, la mtumba, na taa zake za mbele zinatumia balbu aina ya H4. Linafanya kazi Malindi mjini mchana, na usiku mara nyingi linanivusha daraja la Sabaki kwenda Mambrui. Balbu ya kushoto imekufa upande wa dimu (mwanga wa chini), fuli (mwanga wa mbali) bado inawaka. Kwa H4 hilo ni jambo la kawaida: ndani ya kioo kimoja mna nyuzi mbili, na uzi wa dimu ndio unaotumika muda mrefu zaidi. Nimeamua kubadilisha zote mbili, kwa sababu ile ya kulia imewaka saa zilezile na haitakawia kuifuata mwenzake.

Balbu moja tu ingenichukua dakika chache. Nimeufanya mradi kwa sababu ya barabara yenyewe. Ukishavuka Sabaki unakutana na malori ya chumvi yanayotoka upande wa Gongoni, mengine yamewasha fuli na hayashushi. Bodaboda hazina taa ya nyuma, mikokoteni haina hata kiakisi, na watu wanatembea ukingoni na mizigo kichwani. Nataka kumwona mtu huyo wa ukingoni mapema, na nataka dereva wa lori asipofushwe na mimi. Hayo mawili lazima yaende pamoja, na ndiyo niliyoyatumia kupima kila balbu niliyoonyeshwa.

Dukani

Muuza spea alinipangia maboksi juu ya kaunta. Moja limeandikwa mwanga asilimia 130 zaidi, lingine ni la buluu, lingine 100/90 (wati za fuli na za dimu), na la mwisho ni LED, inayowaka kwa vipande vidogo badala ya uzi, yenye feni ndogo nyuma.

"Mzee, chukua LED. Wenzako wote wanachukua hii."

"Kijana wangu, nipe kwanza ile ya kawaida niishike."

Nawashauri mfanye hivyo pia, muishike kwa kitako chake, bila kugusa kioo. Angalia ndani: uzi wa dimu uko mbele, na chini yake pana kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga usianguke kwenye nusu ya chini ya riflekta, yaani bakuli la kung'aa lililo nyuma ya balbu. Mwanga ungefika pale ungeruka juu, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Uzi wa fuli uko nyuma, hauna kikombe, kwa hiyo unatumia riflekta nzima. Basi kazi yote ya dimu inategemea uzi kukaa mahali pake kwa kipimo cha milimita. Ukielewa kikombe hiki, maboksi mengine yanajieleza yenyewe.

H4 ya kawaida ni wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu. Kipimo chake cha mwanga ni lumeni 1650 na 1000, kwa volti 13.2, na kanuni namba 37 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu asilimia 15 juu au chini. Kwa hiyo ile "asilimia 130 zaidi" haimaanishi mwanga umezidi maradufu. Imepimwa kwenye sehemu fulani ya barabara, ambako mwanga umekusanywa kwa uzi mwembamba na mfupi zaidi. Inasaidia kweli, lakini uzi huo hauishi muda mrefu, hasa kwenye barabara ya mashimo.

Ya buluu niliiacha papo hapo. Rangi ile ni chujio: inakula sehemu ya mwanga ili uliobaki uonekane mweupe, na wakati wa masika, lami ikiwa imelowa, unaona kidogo kuliko kwa balbu ya manjano ya kawaida.

Ile ya 100/90 ndiyo inayonisikitisha, maana nimeona soketi zilizoyeyuka kwa sababu yake. Dimu ya wati 55 inavuta karibu ampea 4.6 kwa volti 12. Ya wati 90 inavuta 7.5, na taa ni mbili. Waya za kiwandani hazikupangiwa mzigo huo, na plastiki ya taa inapikwa kwa joto.

LED sikuikataa bila kuijaribu. Jirani yangu anazo, akaniazima. Tuliegesha gari mita 10 kutoka ukuta wa ua wake baada ya isha. Halojeni, yaani balbu ya kawaida ya uzi kama H4 yangu, inachora mstari safi: chini mwanga, juu giza, na upande wa kushoto mstari unapanda. Kupanda huko ndiko kunakomulika ukingo wa barabara. Japani wanapita kushoto kama sisi, kwa hiyo taa zao zinatufaa bila kubadilisha kitu. Tulipoweka LED mstari ulivurugika. Vipande vya mwanga haviko mahali pa uzi, na umbo lake si lile ambalo riflekta ilichongewa. Karibu na bampa paling'aa sana, ukutani mwanga ukapanda juu ya mstari, na kule kushoto ambako namtafuta mtu wangu pakabaki ukungu. Ziko LED nzuri duniani. Ujerumani tangu 2020 wameruhusu chache, kila moja kwa magari yaliyotajwa tu baada ya kupimwa. Hizi za jirani si hizo.

Nimechukua jozi ya kawaida, 60/55, yenye alama ya E ndani ya duara. Namba iliyo kando ya E inaonyesha nchi iliyoidhinisha: E1 Ujerumani, E4 Uholanzi.

Kwa fundi wa waya

Hapa ndipo nilipopata faida kubwa kuliko dukani. Fundi wangu ni mtu mzima, amezaliwa Shela hapa Malindi, na kabla ya kuniruhusu nifungue boksi alichomeka mita yake.

"Mwanangu, balbu mpya utaipa chakula gani?"

Injini ikiunguruma, betri ilionyesha volti 14.1. Kwenye soketi ya dimu, taa zikiwa zinawaka, zilifika 12.3 tu. Mwanga wa halojeni haushuki sawasawa na volti, unashuka kwa kasi zaidi. Kwa upungufu ule balbu ya lumeni 1000 inatoa kama 790. Yaani balbu ya bei yoyote ningeiweka pale ingewaka kwa unyonge uleule.

Alivuta soketi ya kulia akanionyesha. Vibati vya shaba vilikuwa na kutu ya kijani kama unga, na kimoja kilikuwa kimelegea hadi kinacheza. Waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi ulikuwa mgumu, umeliwa ndani ya ngozi yake. Kusi ikivuma hapa kwetu inaleta chumvi hadi chini ya boneti, na anayeegesha karibu na ufuo anaijua kazi yake. Tumekata soketi zote mbili, tumeweka za kauri zinazostahimili joto, na hasi tumeivutia waya mpya mnene hadi kwenye chuma kilichosuguliwa kikang'aa. Vibati tumevipaka grisi ya umeme. Mita sasa inasoma 13.4.

Kabla ya hapo alipima pini ya pamoja, inayotumiwa na nyuzi zote mbili za balbu, na nimefurahi alifanya hivyo: baadhi ya magari ya Kijapani yanaipa pini hiyo chanya na kukata hasi kwenye swichi. Ukifunga rilei (swichi ya umeme inayoipa taa nguvu moja kwa moja kutoka kwenye betri) bila kujua hilo, fuli na dimu zitakusumbua.

Balbu tumezitia kwa kitambaa safi. Halojeni inafanya kazi kioo kikipita nyuzijoto 250, ndipo tungsteni iliyopukutika inarudi kwenye uzi; mafuta ya kidole yakibaki pale yanachoma doa, na kioo kinaweza kupasuka. Kisha tukarudi ukutani, tukashusha mstari wa dimu sentimita 10 chini ya kimo cha taa, kwa umbali wa mita 10, tanki likiwa limejaa na mimi nimekaa kwenye kiti cha dereva.

Sasa hivi

Nimeshaenda Mambrui na kurudi usiku. Ukingo wa kushoto unaonekana mbali, malori hayaniwashii fuli kwa hasira. Kinachobaki ni vioo vya nje vya taa: ni vya plastiki, jua limevifanya vya manjano. Nitavisugua na msasa wa maji namba 800, halafu 1500, halafu 2000, kisha polishi, na juu yake vanishi ya kuzuia miale ya jua, maana bila hiyo umanjano unarudi upesi. Rilei zitafuata nikipata waya wa kutosha. Fundi ameshaniwekea mbili kando.