Nilivyoanza kuupima Tana mwenyewe

Kitu kinaniudhi hadi leo ni mtu kuniambia "hapa mvua haijanyesha, tulia". Jamani Mto Tana haungoji mvua ya huku kwetu Hola! Maji yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, yanapita mabwawa kuanzia Masinga mpaka Kiambere, halafu Garissa, ndo yatufikie sisi huku jua linawaka na vumbi linatimka. Mwisho wa 2023 nilisikiza huo ushauri, mto ukafurika, migomba yote ikaenda na pampu juu.

Nikasema sasa napima mwenyewe. Nikachomeka ufito ukingoni, alama kila sentimita kumi kwa rangi ya kucha. Wa kwanza ulibebwa na gogo. Wa pili ndo ulinisumbua, siku tatu mfululizo naandika maji yanapanda, nikahamisha mbuzi usiku, watoto hawajalala, kumbe mto uko palepale, ufito ndo unazama kwenye tope. Nililia. Usipime kwa kitu kinachosogea.

Nikahamia kwenye msingi wa zege wa pampu ya zamani, huo hauendi popote. Lakini mto ukijaa zege linafunikwa, sasa? Nikakumbuka mafundi wa nyumba na ule mpira wao mwembamba unaoonyesha ndani. Nimenunua kama mia nne hivi, nikaujaza maji, ncha moja kwenye zege nyingine kwenye mkwaju ulio juu, maji pande zote mbili yanakaa usawa mmoja, ukitoa mapovu yote lakini. Basi alama za mkwaju zikaendelea pale za zege zilipoishia. Hiyo kitu najivunia sana.

Kasi ya maji napima kwa limao linaloelea mita 20 na saa ya simu, kisha nachukua kama 85 kwa mia ya kasi hiyo sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Simama mbali na maji, mamba wapo.

Na binamu yangu wa Garissa hunitumia voisi kila asubuhi kuniambia mto ukoje huko. Masinga hujaa kwenye mita 1,056.5 kutoka usawa wa bahari, ikipita hapo inamwaga, kwa hiyo nikisikia imejaa nauliza Garissa mara mbili kwa siku. Aprili 2024 akaniambia "ndugu, yanakuja", nikapakia pampu mpya kwenye mkokoteni wa punda, mbingu nyeupe kabisa, majirani wananitazama. Siku ya tatu yakafika. Yaliishia alama ya nne ya mkwaju, nimepigilia msumari hapo.