Na Mgongo Je?

Jana mwanangu mdogo alirudi kutoka kwa jirani na kipakiti cha pretzeli, vile vibiskuti vya chumvi vya kusokotwa, zile ndogo kavu wanazogawa kwenye ndege. Akakaa mezani anabandua punje za chumvi kwa ukucha, moja moja, anazilamba. Mara akaniuliza, "Mama, kwa nini hiki kibiskuti kimekunja mikono?" Nikamwambia asubiri likizo akamuulize bibi yake Tukuyu, maana bibi ndiye mwenye cheti.

Cheti kipo kweli. Ile safari ya Marekani niliwasimulia baridi, uwanja wa ndege na sweta za wifi, hii habari ya mkate nikaiacha. Sikujua niiweke upande gani, wa kuchekesha au ule mwingine. Mpaka leo sijajua, ila mtoto ameshauliza.

Mama alikwenda kumwona mjukuu kwa kaka, Lancaster, Pennsylvania, nami nikamsindikiza kwa sababu ya Kiingereza na kwa sababu ya goti lake. Kaka alikuwa zamu za usiku ghalani, mchana nyumba nzima inanyata ili alale. Kumweka Mama ndani ya nyumba inayonyata ni adhabu, kwake na kwa nyumba. Wifi akaona atutoe. Akasema kuna mji mdogo hapo juu unaitwa Lititz, ni mji wa Wamoravian, Mama atafurahi.

Mama ni Mmoravian wa Rungwe. Si wa kwenda kanisani Jumapili tu. Ni wa kujua mchungaji gani alihamishwa lini na kwa nini. Basi njiani, katikati ya mashamba ya mahindi na vigari vya farasi vya Waamishi, Wakristo wa huko wasiomiliki magari, alikuwa amejiweka sawa kwenye kiti, mkoba magotini, anakwenda kwao. Tulipofika mbele ya kanisa akamwona Mwanakondoo na bendera yake, nembo ya Wamoravian, yuleyule wa nyumbani, akasema kwa sauti, "Mwanakondoo wetu ameshinda," akasubiri. Wifi ni Mlutheri. Nikaitikia mimi: "Tumfuate."

Ule mji ulianzishwa na Wamoravian mwaka 1756, na kwa takriban miaka mia ya mwanzo asiye wa kanisa hakuruhusiwa kuishi pale. Nilijaribu kumweleza Mama kwamba waliofika kwetu Rungwe mwaka 1891 hawakutoka hapa, walitoka Ujerumani, kwenye tawi la Herrnhut. Hakubabaika. Akasema ukoo ni ukoo. Makaburini akatembea polepole kati ya mawe yaliyolazwa chini, yote bapa, tajiri na maskini hawapishani hata kwa inchi, akatikisa kichwa kuridhia. Hiyo ilikuwa nusu saa ya ibada. Mimi nilidhani siku imeisha.

Wifi akasema, "Mama, twende ukaone wanavyooka mkate wa hapa."

Ni jengo la mawe la mwaka 1784, barabara kuu, milango mifupi. Julius Sturgis alifungua humo kiwanda chake cha pretzeli mwaka 1861, na wanasema ndicho cha kwanza cha biashara ya pretzeli Marekani. Siku hizi ni mahali pa wageni. Unaingia dukani kwanza: fulana, vikombe, sumaku za kubandika kwenye friji, mifuko ya pretzeli za kila namna. Halafu unakata tiketi, unasubiri kundi lako. Kundi letu lilikuwa la wastaafu wenye viatu vyeupe vya michezo na familia moja yenye watoto waliokwisha choka. Harufu ya mle ndani ilinifungua tumbo: mkate, chumvi, na kitu kingine chenye ukali kidogo nilichokifahamu lakini sikukipata jina.

Aliyetutembeza alikuwa mama wa makamo mwenye aproni na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Akaanza na hadithi, mimi namnong'oneza Mama. Kwamba zamani huko Ulaya watawa walichukua mabaki ya unga, wakaukunja mfano wa mikono ya mtu anayesali, mikono ikiwa imepishana kifuani, wakawapa watoto waliokariri sala zao. Na yale matundu matatu ni Utatu. Mama akaikubali hiyo moja kwa moja. "Hata sisi Sunday school tulipewa pipi."

Ya pili haikupita. Kwamba pretzeli ngumu ilipatikana baada ya kijana wa kazi kusinzia jikoni, mikate ikakauka kwenye tanuri, bosi akafoka, akaonja, akaipenda. Wageni wakacheka. Mama akanigeukia, uso mkavu. "Aliyelala kazini ndiye wamemtungia hadithi? Na aliyekuwa macho je?" Sikuitafsiri hiyo. Haikuwa swali kwa yule mama, ilikuwa swali kwa dunia.

Sasa tukafika kwenye meza.

Meza ndefu ya mbao, na mbele ya kila mtu donge dogo la unga. Yule mama akasema msiogope, hapa hakuna anayekosea, tunacheza tu. Wazee wakaanza kuchekeana, mmoja akalipiga donge lake ngumi kwa mzaha. Mama hakuligusa la kwake. Alivua pete ya ndoa, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akapiga fundo. Akakunja mikono ya sweta la wifi hadi juu ya viwiko. Kisha akabonyeza donge kwa kidole gumba, akaangalia shimo linavyorudi. Akakata kipande, akakifikicha kati ya vidole viwili, akakinusa.

"Maji machache," akaniambia. "Wanataka uwe mgumu makusudi."

Kwa wasiojua, na sidhani mpo: Mama ameuza maandazi stendi ya Tukuyu tangu mimi sijaanza shule. Anaamka saa tisa usiku, mvua ile mnayoijua, akande, aumue, akaange, ili magari ya kwanza ya Mbeya na ya Kyela yakianza kupiga honi yeye yuko pale na ndoo yake. Karo zetu zote, mimi, kaka na waliotufuata, zilipita kwenye kiuno kile.

Yule mama akaonyesha: viringisha unga uwe kamba, nene katikati, nyembamba kwenye ncha. Inua ncha mbili, zipishanishe mara moja, mara mbili, zilaze juu ya mgongo wa kamba, bonyeza. Kamba ya babu jirani yetu ikakatika, wote wakashangilia. Mama hakuwa anamwangalia yule mama usoni, alikuwa anaangalia mikono yake tu. Akasubiri imalize. Akaweka viganja juu ya donge, akaanza katikati kwenda nje, uzito uko kwenye kisigino cha kiganja, mabega yanashuka kidogo kila anaposukuma. Kamba ikatoka sawa. Akainua, akapishanisha, akapishanisha, akalaza, tap, tap, kwa kidole cha shahada. Mkono haukusita mahali.

Watu wakapiga makofi. Mtoto mmoja akasogea karibu aone. Mama nadhani hakuyasikia makofi, kwa sababu alikuwa ameshaifumua. Akaviringisha tena, akasokota tena, haraka zaidi. Akaifumua. Akasokota mara nyingine, safari hii midomo inahesabu kimyakimya, na nikajua anachofanya: anapima. Anataka kujua moja inachukua muda gani, ili ajue ndoo nzima ingechukua muda gani.

Na kana kwamba amesomwa mawazo, yule mama akasema zamani wasokotaji hodari waliweza pretzeli 40 kwa dakika moja. Halafu mwaka 1935, pale Reading, mji wa jirani, ikatoka mashine ya kwanza ya kusokota: 245 kwa dakika. Wageni wakaguna kwa mshangao. Nikamtafsiria Mama.

"Arobaini kwa dakika," akarudia. Akaziangalia zile mbao za meza, urefu wake, jinsi zilivyo chini kidogo kwa mtu mzima aliyesimama. "Mwambie, na mgongo je?"

Nikamwambia. Kukawa kimya kidogo. Yule mama akaacha ile sauti ya darasani. Akaweka kiganja nyuma ya kiuno chake mwenyewe, akacheka kicheko kingine kabisa, akasema yeye husokota moja tu kwa kila kundi la wageni na bado jioni anajipaka dawa. Mama naye akaweka mkono kiunoni. Wakasimama hivyo pande mbili za meza, kila mmoja ameshika kiuno chake, wanatikisiana kichwa. Sikuwa na cha kutafsiri.

"Muulize tena. Walilipwa kwa siku au kwa idadi?"

Nikauliza. Yule mama akakiri kwamba tangu aanze kazi ile hajawahi kuulizwa hilo, akaahidi kulitafuta. Mzee wa viatu vyeupe akatazama saa yake.

Kwenye matanuri ya zamani Mama aliuliza jambo moja tu: ile rangi ya udongo inayong'aa inatoka wapi, maana mayai hajayaona. Akaelezwa kwamba pretzeli kabla ya kuokwa hupitishwa kwenye maji yenye dawa kali ya jamii ya soda, ambayo zamani watu waliipata kwenye majivu, na wengi majumbani hutumia soda ya kuokea. Ndiyo inayoifanya ngozi ya mkate iive kwa rangi na kuipa ladha ile. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwelezea, Mama akanikatiza kwa sauti ya stendi: "Magadi!" Kundi zima likageuka. Na mimi pale pale nikaipata ile harufu ya mlangoni. Ilikuwa jikoni kwetu, sufuria ya maharage.

Mlangoni tukapewa kila mmoja karatasi inayosema sasa ni msokotaji rasmi wa pretzeli. Mama akaisoma yote, neno moja moja, Kiingereza asichokijua, akaikunja akaiweka kwenye Biblia. Akamshika yule mama mikono yote miwili. "Ndaga fijo," akamshukuru kwa Kinyakyusa, na yule akajibu kwa Kiingereza, wakaelewana.

Kwenye gari akamuuliza wifi tiketi zilikuwa bei gani. Wifi alizungusha maneno, kisha akasema. Tukapita mashamba mengi Mama hajafungua kinywa.

"Yaani wanawatoza watu hela, ndipo wawape kazi?"

"Ni utalii, Mama," wifi akasema.

"Nimeelewa ni utalii." Baada ya muda: "Wazungu wanaokwenda Daraja la Mungu na Ziwa Ngosi wanapita pale pale stendi. Huwa wanapiga picha ndoo yangu. Bure."

Wifi akacheka sana. Mimi nilicheka nusu, nikamwangalia kwenye kioo, sikuweza kujua kama anatania.

Jioni ikagundulika kwamba lile donge halikubaki mezani. Lilikuwa kwenye mkoba, ndani ya tishu, kwa maelezo kwamba unga hauachwi. Akalikaanga. Lilitoka gumu, la chumvi, halina hata dalili ya sukari. Kaka aliyeamka kwenda zamu akalitafuna lote akisimama, akasema tamu, na tukamwacha na uongo wake.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko linavyostahili. Pale mezani kuna wakati nilikasirika, nikaona watu wanachezea kitu kilichomvunja mama yangu kiuno. Lakini yule mtoto aliyesogea kuangalia mikono yake alikuwa anaangalia kweli, na babu wa kamba iliyokatika alifurahi kuliko wengi tuliomaliza. Na Mama mwenyewe, aliyekuwa na haki ya kukasirika kunizidi, alikuwa anapima muda. Mwisho wa yote ile hasira naona ilikuwa yangu peke yangu, na sijui nilitaka kumdai nani.

Cheti kimebandikwa kwenye kabati la vyombo, Tukuyu, karibu na kalenda ya kanisa. Akija mgeni anayesoma Kiingereza huelekezwa macho huko kabla hajapewa chai.

Watalii wa kukanda kwa malipo hajawapata bado. Ila aliporudi alijaribu, kwa siku chache, kuuza maandazi ya kusokota pamoja na yale yake ya pembetatu. Nilikuwepo asubuhi moja. Kijana wa bodaboda alichukua moja, akaligeuza huku na huku, akaliinua usawa wa jicho, akachungulia gari la Kyela kupitia tundu.

"Mama, na haya matundu unauza bei gani?"

"Matundu ni zawadi," Mama akamwambia, bila kuinua uso kwenye ndoo. "Wewe lipia unga."